Damu ya Nani

Kakuma, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Didace,

Ejok? Nimeshazoea kuwasalimu hivyo wauza kuni kwa lugha yao, basi nawe pokea. Natumai u mzima, kazi ya maabara inakwenda vizuri, na kwamba unakula chakula, si chai tupu. Sisi tupo. Mama anakusalimu, magoti yake ni yale yale. Shalom ameingia darasa la tatu na hataki mtu mwingine amsuke nywele ila mimi mama yake.

Utashangaa kupata barua wakati simu unayo. Rafiki yako Nyibol amepita hapa akiwa safarini kuja Lodwar kununua samaki wakavu, nikamwomba asubiri niandike. Kwenye simu ningekuficha. Ikifika mchana ulimi wangu unaburuza maneno, na ungeniuliza kama nimelewa, kama alivyoniuliza mwalimu mkuu mbele ya wenzangu.

Unakumbuka mwaka jana jicho la kulia lilivyoshika ukungu, wino mwekundu ninaosahihishia ukawa rangi ya kutu? Lilipona lenyewe tukasahau. Sasa ni miguu. Kuanzia kiunoni kushuka imekufa ganzi, kama vile nimepewa miguu ya mtu mwingine. Nikiinamisha shingo, umeme unanishuka mgongoni. Juzi nilianguka darasani, chaki mkononi. Watoto walicheka, halafu walipoona siinuki wakanyamaza.

Kliniki walinipa vitamini, baadaye wakasema ni taifodi. Kanisani wameniombea, na mama mmoja akanong'ona kwamba nimetumiwa kitu kutoka Uvira. Mama yetu hasemi neno. Lakini nilimsikia jikoni akitaja jina la Stéphanie. Wewe ulikuwa mdogo sana, humkumbuki mama mdogo Stéphanie. Miguu yake ilikufa, wakamlaza chumba cha nyuma, watu wakasema amekanyaga dawa, na huko nyuma ndiko alikofia.

Didace, wewe unaona damu za watu kila siku. Niambie mimi dada yako mkubwa hii ni nini.

Yaya yako,
Sylviane


Lodwar, 16 Februari 2024

Yaya Sylviane,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama, na kwa Shalom. Mimi mzima, kazi ipo, joto limetuzidi. Nyibol alinipa barua akasimama pale mlangoni mpaka nikamaliza kuisoma. Aliniuliza, "Mbaya?" Nikamwambia sijui.

Ningekuambia ni nini kama ningejua. Mimi natazama malaria na minyoo kwenye kioo, yaya, sijawahi kutazama jambo kama hili. Nilimsimulia daktari wetu. Alipofika kwenye lile jicho akaniuliza swali lile lile mara mbili: lilipona lenyewe? Nikamwambia ndiyo. Hakupenda jibu hilo. Anasema lazima upigwe picha ya kichwa na ya uti wa mgongo kwenye ile mashine ya sumaku, na iliyo karibu ni Eldoret. Ameandika barua ya rufaa. Anza kutafuta kibali cha kutoka kambini leo hii, maana unajua wanavyochelewesha.

Na tafadhali, usiwaruhusu watu wa uchawi wakae karibu na Mama. Atawaamini.

Mdogo wako,
Didace


Kakuma, 20 Juni 2024

Mdogo wangu,

Hujambo? Ulituona tulipopita hapo Lodwar wakati wa kurudi, lakini ulituona tumechoka na hatukuongea. Sasa naweza. Naandika alfajiri, kabla jua halijapanda. Jua likipanda nguvu zinanitoka zote, Mama ananifunika kanga yenye maji, nalala kama samaki sokoni.

Daktari wa Eldoret ni mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini. Alinionyesha picha za ubongo wangu. Kuna madoa meupe, kama mtu amedondosha nta ya mshumaa. Aliniambia ugonjwa unaitwa multiple sclerosis, wao wanafupisha, MS. Mwili una askari wa kupigana na vijidudu. Kwangu mimi hao askari wamekosea adui. Wanaitafuna ile ngozi inayofunika mishipa ya fahamu, na waya ukichunika umeme haufiki.

Nikamuuliza, "Unatibika?"

Akasema, "Unazuilika kidogo. Hautibiki."

Nilimshukuru kwa kutonizungusha. Kuna dripu ya kuwatuliza hao askari, natakiwa kwenda kuwekewa kila baada ya miezi sita, dawa ikiwepo.

Halafu akauliza kuhusu ukoo. Mama akamweleza habari za Stéphanie. Daktari akasema kwamba huenda ulikuwa huu huu, huenda haukuwa, hakuna awezaye kujua sasa. Akaeleza kuwa tunarithi jeni zinazowafundisha hao askari kumtambua adui, na kuna maumbo fulani ya jeni hizo yanayomwongezea mtu hatari. Alikazia sana kwamba wengi mno wanayo na hawaugui hata siku moja, kwamba kuna mambo mengine pia, virusi vya utotoni na mengi wasiyoyajua. Mama hakusikia hayo mengine. Alisikia neno "kurithi."

Safari nzima ya kurudi alikuwa ameegemea kioo cha gari. Tulipokaribia Kakuma akanishika mkono akasema, "Mimi ndiye niliyekupa. Stéphanie alikuwa damu yangu." Nikamwambia daktari hakusema hivyo. Akanijibu, "Alisema kwa adabu."

Tangu hapo hali chakula mbele yangu. Ananilisha mimi kwanza, kana kwamba ananilipa.

Yaya yako,
Sylviane


Lodwar, 9 Septemba 2024

Yaya wangu mpendwa,

Pole na joto, pole na yote. Mama anaendeleaje? Wewe mkono wa kulia unaendeleaje? Nyibol aliniambia kikombe kilikuponyoka.

Nina mambo mawili. La kwanza unalijua nusu. Mimi na Nyibol tunataka kuoana. Nilikwenda kwa ami yake, Makuei, ndiye aliyemlea tangu walipokuwa kwao Bor. Mzee alinipokea vizuri, akaniuliza kazi, akaniuliza kanisa, kisha akauliza ndani ya ukoo wetu kuna ugonjwa gani. Kwao hilo huulizwa wazi, hakuna aibu. Nikamwambia ukweli kuhusu wewe. Akasema atafikiri.

La pili, kuna watafiti wa chuo kikuu wamefika hapa Lodwar. Wanachunguza hizo jeni za kinga kwa watu wa huku, kwa sababu wanasema ugonjwa huu umechunguzwa zaidi kwa Wazungu na sisi tumeachwa. Wanachukua damu za familia zenye mgonjwa, na anayetaka kuambiwa majibu yake anaambiwa, akiwa amekaa na mshauri. Mimi nimetoa. Wakija Kakuma, wewe na Mama toeni pia.

Nataka nimpelekee Makuei jibu safi. Nataka kusimama mbele yake nimwambie mimi sina.

Mdogo wako,
Didace


Kakuma, 2 Oktoba 2024

Mdogo wangu Didace,

Amani ya Bwana iwe nawe. Nimefurahi kwa ajili ya Nyibol, na nimefurahi zaidi kwa ajili yako. Juzi alikuja akaniosha nywele bila kuombwa, akamfundisha Shalom kuhesabu kwa Kidinka, wakacheka mpaka Mama naye akatabasamu. Mwandiko huu usikutishe. Ni mkono wa kushoto, wa kulia unapumzika.

Watafiti walikuja. Nimetoa damu. Mama alikataa, akakubali, akakataa tena. Mwishowe alimuuliza yule binti mwenye sindano, "Mkikuta ni yangu, mtaitoa?" Binti akasema hapana, haitoki. Mama akanyoosha mkono. "Basi angalau nijue," akasema.

Sasa nikuambie la Makuei, maana amekuja hapa mwenyewe. Alibisha hodi, akaketi kwenye kiti cha Mama, fimbo kati ya magoti, akanitazama miguu bila kuona haya.

"Unakula mwenyewe?" akauliza.

"Nakula."

"Huyu mtoto ni wako?"

"Ni wangu."

Akamwita Shalom, akamwambia akimbie mpaka kwenye bomba la maji arudi. Shalom akakimbia. Mzee akamtazama anavyokimbia, kisha akasema, "Mimi nimechunga ng'ombe maisha yangu yote. Ng'ombe anaweza zaa ndama kiwete, na ndama ingine ya tumbo ile ile inashinda zote. Mtu akichinja mama yao, huyo ni mjinga. Ambia ndugu yako alete watu wake tuongee."

Umesikia? Amekubali bila karatasi yoyote. Kwa hiyo nakuuliza kama dada yako: hayo majibu unayataka ya nini tena? Umejiandaa kusikia "huna." Je, wakikuambia "unayo," utaiweka wapi?

Waache wafanye utafiti wao. Wewe oa.

Yaya yako anayekupenda,
Sylviane


Lodwar, 17 Februari 2025

Yaya Sylviane,

Habari za huko. Nisamehe kimya hiki chote. Nilikuwa naanza barua naichana. Natumai dripu ya Desemba imekusaidia, na kwamba Mama anakula.

Majibu yametoka. Nilikuwa naweza kuacha kuyachukua, kama ulivyoniambia. Niliyachukua. Mmenipa ruhusa wewe na Mama nipewe na yenu, kwa hiyo nakuandikia yote.

Ni umbo moja la jeni ndilo waliloliangalia zaidi, lile linalojulikana kuongeza hatari kuliko mengine. Mama hana. Wewe huna. Mimi ninalo.

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko wewe utakavyoisoma. Mshauri alieleza taratibu. Kama Mama hana, basi mimi nimelipata kwa Baba. Baba aliyetembea kwa miguu kutoka Fizi mpaka Uvira na hakuwahi hata kuumwa jino. Na wewe unayeugua umbo hilo huna, umeugua kwa njia nyingine wasiyoijua. Alisema kwangu hatari imeongezeka kidogo tu, nayo ilikuwa ndogo tangu mwanzo, na kwamba karibu wote wenye nilicho nacho wanazeeka wakiwa wazima. Nilimwelewa. Mimi mwenyewe huwaeleza watu majibu yao, najua maana ya "kidogo."

Lakini kila asubuhi sasa najipima. Nafumba jicho moja, nafumba jingine. Naminya vidole vya miguu. Nikijikwaa njiani najipima upya.

Nimemwambia Nyibol tuache. Alikuja na gunia lake la samaki, akaliweka chini, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi nimekubali. Ami amekubali. Sasa wewe ndiyo unakataa?" Nikamwambia sitaki siku moja aninyanyue kitandani kama Mama anavyokunyanyua. Sitaki kuzaa mtoto nimpe hiki. Akachukua gunia lake akaondoka.

Msomee Mama majibu. Mwambie haikuwa damu yake. Angalau hilo.

Mdogo wako,
Didace


Kakuma, 1 Machi 2025

Didace,

Salamu. Sisi tupo, Mungu anasaidia. Barua yako imefika kwa mkono wa Riek dereva, kwa sababu aliyekuwa anatuletea hapiti tena kwako.

Nilimsomea Mama. Nilidhani atainua mikono amshukuru Mungu. Alikuwa anachambua maharage. Akaendelea kuchambua. Baadaye akauliza, "Kwa hiyo si mimi?" Nikamwambia si wewe, Mama, haikuwa wewe. Akauliza, "Na si baba yako?" Nikamwambia Baba alimpa Didace, na Didace mzima. Akauliza, "Basi ni nani?"

Akalia, Didace, kuliko alivyolia Eldoret. Akasema, "Ilikuwa afadhali iwe mimi. Kila siku nilikuwa namwomba Mungu msamaha, nilikuwa na kitu cha kumwambia. Sasa nimwambie nini?" Sinia la maharage lilibaki pale mpaka kuku wa jirani wakaja.

Sasa niseme langu. Uliandika hutaki kunyanyuliwa kama Mama anavyoninyanyua. Nimeisoma mistari ile polepole, kwa jicho moja maana la kulia lina ukungu tena, neno kwa neno. Ndiyo, ananinyanyua. Ni vibaya. Kuna siku naloa kabla hajafika, na ninatamani ardhi inimeze. Sitakudanganya kwamba ni jambo la heri. Lakini umenitazama mimi, dada yako, ukaona mtu ambaye ingekuwa bora asizaliwe. Na Shalom je? Yeye hakupimwa, na sitampima. Nilimzaa kabla sijajua. Kama ningejua, wewe ungeniambia nisimzae?

Wewe hujaugua. Mimi ndiye ninayeugua, na wala sina hicho unachokiogopa.

Yaya yako,
Sylviane


Kakuma, 15 Agosti 2025

Mdogo wangu Didace,

Bado nakuita hivyo. Natumai barua hii inakukuta mzima. Hukujibu ya Machi, na simu unapokea ya Mama tu, mnazungumza habari za mvua. Haya. Mimi nimekwisha kukasirika, sina nguvu ya kukasirika muda mrefu siku hizi.

Nyibol ameondoka. Nilitaka usikie kwangu. Wajomba zake wa Juba walimtafutia mtu, na Makuei hakuwa na la kuwazuia, maana alikwisha sema ndiyo kwa mwanamume mmoja na mwanamume huyo akarudi nyuma. Safari yao ilikuwa ya kupitia Lokichoggio. Alikuja kutuaga asubuhi, akakaa nasi mpaka lori lilipopiga honi barabarani. Nilimuuliza kama ana neno la kukupa. Akasema, "Hapana, mama Shalom. Maneno alisema yeye yote." Aliniosha nywele mara ya mwisho, akaondoka kanga yake ikiwa imelowa.

Mguu wa kushoto haubebi tena kitu. Shuleni nimeaga. Watoto waliniimbia, nikakaa kwenye kiti cha magurudumu nilichoazimwa na kanisa, nikawaambia wasome kwa bidii, kama wasemavyo walimu wote wanaoondoka. Dripu ya Juni haikupatikana, wakasema dawa haijafika. Sasa imefika. Tunakwenda Eldoret Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Mama hawezi tena kuninyanyua peke yake, mgongo umemkataa, na sitaki kunyanyuliwa na makondakta.

Sikuombi unifafanulie kitu. Gari letu litasimama stendi ya Lodwar kama kawaida. Mimi siwezi kushuka. Panda wewe.

Yaya yako,
Sylviane


Lodwar, 26 Oktoba 2025

Yaya Sylviane,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumai nyumbani mmepumzika, na kile kidonda cha kisigino kinakauka. Mama aendelee kukiosha kwa maji ya chumvi yaliyopoa, asiweke majivu hata wakimshauri. Mimi mzima.

Njiani tulizungumza machache, na hospitalini ulilala dripu ilipoanza kuingia. Kwa hiyo kuna mambo hukuyasikia. Mama aliniambia nikushike mguu usiteleze kitandani. Nikaushika. Ulikuwa baridi na mwepesi. Mimi ninayejipima kila asubuhi, yaya, sikuwa nimewahi kuugusa mguu wako tangu uugue. Mama akaniona ninavyoutazama. Akasema, "Usiuogope, hauambukizi." Nikamwambia najua hauambukizi. Akasema, "Hujui."

Tulikaa hivyo mpaka chupa ikaisha. Akanisimulia mama mdogo Stéphanie, mambo ambayo hajawahi kutuambia. Kwamba alikuwa mwimbaji. Kwamba alipolazwa chumba cha nyuma alikuwa akiimba na watu wa mbele wakimwambia anyamaze, wageni wapo. Mama naye alikuwa miongoni mwa wageni wa mbele. Alikuwa bado mke kijana, aliogopa wakwe wasije wakasema amewaletea laana. Hakuingia kumwona. Alisema hayo bila kulia, akiniangalia usoni, na nikaelewa kwa nini alitaka damu iwe yake.

Uliniuliza Machi kama ningekuambia usimzae Shalom. Ilinichukua muda huu wote, nami jibu langu ni hapana. Ningekuambia umzae. Kwa nini sikuweza kumwambia Nyibol hivyo hivyo, sijui. Au najua.

Niliporudi Lodwar nilitafuta namba yake mpya kwa Adhieu, rafiki yake wa sokoni. Nilipiga. Alipokea. Nikamwambia nilikosea. Nikasikia watu nyuma yake, na mtu akitwanga. Akasema, "Didace, hiyo kazi ya kunyanyua ilikuwa yangu. Wewe ulinikatalia bila kuniuliza." Nikamwambia naomba msamaha. Akasema, "Sasa mimi ni mke ya mtu." Halafu mwanamke mzee akamwita kwa Kidinka, sauti ya mama mkwe, akaniambia lazima aende. Hakusema kwaheri kwa ubaya. Aliisema tu. Sitampigia tena, si haki kwa mke wa watu.

Nimeomba kazi katika kliniki ya hapo Kakuma. Hawajanijibu. Wakinikubali nitakaa chumba kile cha karibu na bomba, na kukunyanyua nitakunyanyua mimi. Wakinikataa, nitakuja kila nitakapopata ruhusa. Ile hofu bado ninayo. Jana nilijikwaa kwenye ngazi ya maabara, nikakaa chini nikaminya vidole vyote vya miguu, mgonjwa akinisubiri na kipande chake cha karatasi. Kisha nikainuka nikachukua damu yake.

Msalimu Shalom. Mwambie Mama alale mchana, asijifanye kijana.

Nyibol akikuandikia, usinitumie barua yake. Niambie tu kama ni mzima.

Mdogo wako,
Didace